Mwenye Waraka

Waraka nambari 173 wa kituo cha falaki cha Harvard, wa Machi 1912, una sahihi ya mkurugenzi wake, Edward Pickering. Ila mstari wa kwanza wakiri kuwa maelezo ni ya Bi Leavitt. Katika nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan, Henrietta Leavitt aliona kwamba ing'aayo zaidi hukawia zaidi kufifia na kung'aa tena. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble alipima umbali wa Andromeda.

Hazina ya maandishi ya kifalaki, ADS, ilimwandika Leavitt wa kwanza, Pickering wa pili: haki iliyochelewa. Huwahesabu pia waliomnukuu. Itawahesabuje walioitumia kanuni yake bila kumtaja? Mwaka 1925 Mittag-Leffler, mwanahisabati wa Sweden, alimwandikia juu ya tuzo ya Nobel. Leavitt alikwishafariki mwaka 1921.