Nyuzi Kumi na Mbili

Mama yangu yuko Tanga. Siku nilipomtumia picha ya leseni yangu ya kwanza ya urubani, alinipigia simu usiku uleule. Alishukuru, akaniombea dua, kisha akauliza: "Sasa lini utanipeleka Pemba, mwanangu?" Kwa ndege, Tanga hadi Pemba ni kama kilomita 80, karibu zote bahari. Nikamjibu, "Inshallah, mama." Sikumwambia kwamba leseni ile haikuwa na nguvu nje ya Uingereza.

Ilikuwa LAPL, leseni ya ndege nyepesi. Huku ninakoishi mtu huipata kwa mafunzo ya saa 30 angani, ilhali PPL, leseni kamili ya rubani binafsi, hudai saa 45. Kwa mtu anayefanya kazi za zamu na kulipia kila saa kutoka mfukoni, saa 15 si jambo dogo. Nilichukua njia fupi na sijutii. Lakini PPL hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, na mwenye nayo anaweza kuomba mamlaka ya nchi nyingine iitambue. LAPL haifuati viwango hivyo. Yangu iliishia ufukweni.

Kwa miaka mitatu nilijiambia inatosha. Mwaka jana nikaamua kuipandisha iwe PPL. Masharti niliyajua: uwe umeruka saa 15 tangu upewe LAPL, na kati ya hizo 10 ziwe za mafunzo chuoni. Ndani ya mafunzo hayo, saa nne uruke peke yako chini ya usimamizi, na ufanye safari moja ya kilomita 270 au zaidi, ukitua kwenye viwanja viwili vya ugenini. Mitihani ya darasani hairudiwi. Nikapiga hesabu nikaona ni kazi ya mwezi mmoja.

Siku ya kwanza mwalimu alikaa kulia kwangu ndani ya Cessna 152, ndege ya viti viwili ambamo mabega ya watu wazima hugusana. Akanipa mwelekeo, akanyamaza. Baada ya kama dakika 20 akaniuliza tuko wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akachungulia nje, akasema kwa upole, "Mji ule si huo." Kisha akauliza, "Dira uliiangalia lini mara ya mwisho?"

Mbele ya rubani kuna ala mbili za mwelekeo. Moja ni dira ya sumaku, ambayo ni ya kweli lakini huyumba ndege inapokata kona. Ya pili huongozwa na jairo, yaani gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi. Imetulia, inasomeka vizuri, na ndiyo macho huifuata. Ila jairo huhama kidogo kidogo, kwa msuguano na kwa kuzunguka kwa dunia. Ndiyo maana kila baada ya dakika 10 au 15 rubani huiweka sawa na dira, ndege ikiwa imenyooka. Yangu ilikuwa imepotoka nyuzi 12. Ukiruka kilomita 30 kwa kosa hilo, unajikuta kando ya njia kwa zaidi ya kilomita sita.

Iliniuma, kwa sababu kanuni ya ukaguzi wa angani nilikuwa naijua. Mafuta, redio, injini, mwelekeo, mwinuko: ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia zote kwa mpangilio. Nilichoacha ni kuzitenda. Njia zangu za Jumapili zilikuwa zilezile, nazijua kwa macho, na hakuna aliyekaa kulia kwangu kuniuliza. Wala sikuiacha siku moja. Ilinitoka taratibu, huku mkononi nina leseni inayosema nimehitimu.

Usiku ule nilifungua simu yangu nikahesabu. Niliamini kwa dhati kwamba nampigia mama kila wiki. Kwa miezi minne nilikuwa nimempigia mara tano.

Zile saa 10 zikawa 17. Mwalimu alinirudisha hata kwenye kutua, jambo nililodhani nalijua kuliko yote, na alikuwa sahihi. Safari ndefu niliifanya peke yangu asubuhi ya baridi: Leicester hadi uwanja wa Staverton karibu na Gloucester, kisha kaskazini-mashariki hadi Conington karibu na Peterborough, halafu nyumbani. Ni kama kilomita 310. Kila kituo nilizima injini, nikapeleka karatasi yangu ofisini, wakatia saini kwamba nimetua salama. Angani sauti yangu ndiyo iliyokuwa pekee: mafuta, redio, injini, mwelekeo, mwinuko. Mara tisa niligusa kitufe cha jairo, na karibu kila mara ilihitaji kurekebishwa.

Mtihani wa angani nilifaulu. Leseni mpya ina wiki sita sasa, na maombi ya kutambuliwa Tanzania naanza kuyaandaa. Yakikubaliwa, nitaruka kwanza na mwalimu wa huko, maana upepo wa pwani ile siujui. Safari hii mama nimemweleza yote, pamoja na lile nililomficha mwanzo. Nampigia kila Ijumaa baada ya swala, na kila simu naiandika kwenye daftari lilelile la saa za kuruka.