Vidole Viwili

Kovu hili nililipata nikiwa na miaka 6, usiku, kwenye shamba la mtama nje kidogo ya Robanda. Msimu ule tembo walikuwa hawakosi, na baba alikoka moto chini ya dungu ili wasisogee. Nilisinzia juu, nikaanguka motoni. Kidonda kilipopona kikavuta kidevu hadi kifuani, na kwa miaka 19 nilitembea nikitazama ardhi. Shuleni waliniita Mtafuta Sindano. Mama akitaka kuzungumza nami alivuta kigoda, akaketi chini, ili tuonane uso.

Hospitali ya kwanza, sitaitaja, ilikubali kunifungua shingo. Nikachomwa nusukaputi. Nilipozinduka nikapapasa: kovu lile lile. Koo linawaka, jino la mbele limemeguka. "Imeshindikana, dada," muuguzi akasema. "Mpira haukuingia." Miaka miwili nilimlaani aliyenilaza.

Nilikuja kuelezwa Mwanza. Mtaalamu wa usingizi, mama wa makamo, alikuja kitandani kwangu jioni ya kuamkia upasuaji. "Fungua mdomo. Ingiza vidole vitatu, kimoja juu ya kingine." Viliingia viwili. "Vinatosha," akasema. "Kazi ipo shingoni."

Mpira wa kupumulia hupitishwa kichwa kikiwa kimerudishwa nyuma, ulimi umenyanyuliwa kwa chuma chenye taa, cha aina aliyobuni Robert Macintosh kule Oxford mwaka 1943. Lazima jicho la mtaalamu lipenye kutoka mdomoni hadi kooni, na shingo yangu haikupinda hata kidogo. Mgonjwa akishalala pumzi ikagoma, njia ya mwisho ni kutoboa koo kwa mbele. Kwangu hapo mbele palikuwa na kovu gumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. "Aliyekuzindua, mwanangu, alikuokoa," akaniambia. Sikuwa na la kujibu. Laana za miaka miwili unazirudishaje?

Asubuhi hakunilaza. Aliniketisha nusu, oksijeni puani, kibano kidoleni, akaninyunyizia dawa ya ganzi kooni, chungu kushinda mwarobaini, mpaka nikawa sijui kama nameza mate au la. Kifaa chake kilipinda kama mundu mdogo, kamera karibu na ncha, kioo pembeni. Jicho linaingia lenyewe ndani, shingo ikabaki ilivyo.

"Vuta pumzi, mwanangu. Tena."

Kioo kilikuwa upande wa macho yangu. Mara ya kwanza picha ilijaa mate tu. Akakitoa kifaa, akakifuta, akarudi. Halafu nikaziona: nyuzi mbili nyeupe zikiachana kila nilipovuta pumzi. Kumbe ndizo ninazoimbia kwaya! Mpira mwembamba ukapita katikati yake, nikakohoa mara mbili, na kikohozi cha pili hakikuwa na sauti. Dawa ikaingia mkononi. Mengine niliyasikia baadaye, pamoja na habari ya ngozi iliyotolewa pajani ikapandikizwa shingoni.

Kanisani wanataka niuite muujiza. Namshukuru Mungu, lakini nilimwona yule mama akifuta kamera.

Nilirudi Robanda nyumbu wakipita, barabara yote vumbi. Mama akatoka kunilaki, akavuta kigoda, akaketi chini. Ikabidi nimwambie asimame.