Nyuki Waliokubali Kubaki

Mimi ni mkulima wa Rhotia, wilayani Karatu, na namshukuru Mungu kwamba natoa ushuhuda huu nikiwa bado mfugaji nyuki.

Vuli ya 2021 ilitunyima. Kaskazini mwa Tanzania ng'ombe walikufa malishoni, na jirani zetu wa upande wa Ngorongoro walilia kuliko sisi. Kwangu mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Nyuki hakuna aliyewataja, ingawa ukame ulipowanyima ng'ombe majani, nyuki nao uliwanyima maua. Mizinga yangu miwili ilihamwa, yakabaki masega makavu yenye nondo. Mzinga wa tatu ulikuwa na kundi dogo lililoshika masega manne, na asali ukanda mwembamba tu juu ya majana.

Ndipo ikaja Juni 2022. Baridi yetu haina theluji, lakini ukungu hushuka kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nzima inaweza kupita hujaliona jua. Siku kama hizo nyuki hawatoki. Hujikusanya na kutetemesha misuli ya mabawa wayapashe joto majana, yanayohitaji nyuzi kama 34 au 35 za Selsiasi. Joto hilo hulipiwa kwa asali.

Wakati huohuo shule ilidai ada, na mchuuzi alifika na fedha mkononi akitaka hata asali ile kidogo. Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyefuga tangu enzi za mizinga ya magogo. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, nyuki wa Wazungu wakati wa baridi hana pa kwenda, atakaa afe. Huyu wako ana mabawa na ana hasira. Ukimchukulia chakula, ataondoka. Mpe sababu ya kukaa."

Asali sikuirina. Ada niliitafuta kwa kibarua cha kuchuma kahawa Oldeani, nikalipa kwa mafungu.

Mzinga nao niliushughulikia. Kwanza niliupunguza: viunzi vitupu nikavitoa, nikaweka ubao wa kutenganisha karibu na sega la mwisho, maana kundi dogo haliwezi kupasha joto nyumba kubwa. Mlango nikauziba kwa kipande cha mti, nikabakiza upenyo wa walinzi wachache kuumudu. Juu ya bati nikafunga nyasi kavu, na waya za kuning'inizia nikazipaka grisi kwa ajili ya siafu.

Kisha chakula. Kilo mbili za sukari kwa lita moja ya maji yaliyochemka, yakapoa, nikaweka ndani ya mzinga jioni, na vijiti juu yake wasizame. Ukilisha mchana, au nje, unawaita wezi wa makundi mengine. Asali ya dukani sikuwapa, kwani inaweza kuleta magonjwa. Kujua kama wanapungukiwa, niliinua mzinga upande mmoja na kupima uzito kwa mkono. Kuufungua nilisubiri adhuhuri yenye jua.

Kuna wiki sukari ilikosekana hata ya chai ya watoto, tukanywa uji wa chumvi. Hilo halikuwa jepesi, na mume wangu alisema wazi kwamba nimewapenda wadudu kuliko nyumba.

Septemba nyuki vibarua walianza kuingia na chavua miguuni, na majana yakatanuka. Nilirudisha viunzi kimoja kimoja, kadiri walivyojaza.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Mbulumbulu au Endabash, Mei ikiisha pima mzinga wako kabla hujamsikiliza mchuuzi. Kama ni mwepesi, punguza nyumba, finya mlango, lisha jioni. Na asali uliyoiona juu ya majana, ihesabu kuwa ni yao.