Jenereta inavyokata roho

Bila shaka umewahi kupita nje ya kinyozi au duka la nyama siku ambayo stima zimepotea, ukamwona kijana amepiga goti akivuta kamba ya jenereta huku jasho likimtiririka. Mashine inanguruma, watu wanashangilia, na kabla hawajamaliza kushangilia imenyamaza tena. Jenereta iliyokataa kabisa kuwaka ina nafuu, maana utaiacha utafute taa ya mafuta. Hii inayowaka na kuzimika ndiyo humtesa mtu, kwa kuwa kila mara inampa matumaini.

Nayo hatuwezi kuikwepa. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliiangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, na taifa zima la Kenya likaingia gizani kwa saa kadhaa. (Tumbili mwenyewe alipona.) Ikiwa mnyama mmoja anaweza kutuzimia taa kutoka Mombasa hadi Kisumu, sembuse upepo na miti ya kule Kiirua, Meru, anakoishi shangazi yangu?

Shangazi ana mashine ya kuangulia vifaranga, na siku nitakayokusimulia ilikuwa na mayai 264, siku ya 19. Wewe wa mjini pengine hujui kwamba yai la kuku huchukua siku 21, na muda huo wote linataka joto la nyuzi 37.5 au karibu na hapo. Vifaranga hao walikuwa tayari wamelipiwa nusu na wateja, na nusu iliyobaki ndiyo iliyongojewa kuwa karo ya binamu yangu chuoni. Stima zikapotea saa tisa alasiri. Shangazi akaifunika mashine kwa blanketi mbili, akijua kwamba yai lililokaribia kuanguliwa lina joto lake na linaweza kuvumilia saa chache. Lakini usiku wa Kiirua una baridi kali, si wa kufanyiwa majaribio.

Jenereta ililetwa kwa bodaboda kutoka kwa jirani. Ikawaka kwa mvuto wa pili. Baada ya dakika kumi hivi, ikazimika. Ikapumzishwa, ikawaka, ikazimika. Fundi akaitwa kutoka sokoni, akabadilisha plagi, akafungua kabureta na kuisafisha, akalipwa, akaenda zake. Dakika kumi baadaye, kimya.

Hapo ndipo shangazi, ambaye hajawahi kushika spana maishani, aliposema neno ambalo ningependa ulikumbuke. "Mbona haifi ghafla? Inatweta kwanza kama mtu aliyezibwa pua."

Naam! Kabla ya kufungua chochote, sikiliza jinsi inavyokata roho. Ikizimika papo hapo kama taa iliyobonyezwa swichi, shida mara nyingi iko upande wa umeme wa injini yenyewe, au kwenye oili. Jenereta nyingi ndogo zina kifaa cha kuzima injini oili inapopungua, na kifaa hicho hudanganyika mashine inapowekwa mahali palipoinama, jambo la kawaida kwenye miteremko kama ile ya Kiirua. Kwa hivyo iweke pawe sawa, kisha pima oili, kabla ya kumwita fundi. Ikitweta, ikapata kwikwi na kuzima polepole, basi inakufa kwa njaa: petroli haifiki. Nayo ile inayokubali kunguruma choki ikiwa imevutwa tu, na kufa ukiirudisha, mara nyingi ina utando kwenye kitundu chembamba cha kabureta, ulioachwa na petroli iliyolala ndani kwa miezi. Hata watalii wenye magari ya kulala ndani hulia kilio hicho, maana jenereta zao hukaa bila kazi msimu mzima.

Yetu ilikuwa na njaa. Ilipopoa, binamu alilegeza kifuniko cha tangi, nasi sote tukasikia hewa ikiingia, fyuu! Kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na petroli inaposhuka ni lazima hewa ichukue nafasi yake. Kitundu kikizibika, tangi linajivuta lenyewe kwa ndani hadi petroli inagoma kushuka. Ukingoja kidogo hewa hupenya, mashine inawaka tena, na mchezo unaanza upya. Chini ya kifuniko tulikuta kipande cha nailoni kilichokunjwa vizuri, kilichowekwa ili petroli isimwagike kwenye bodaboda. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini kipande hicho kilikuwa kimejificha salama humo.

Jenereta ikanguruma bila kukoma. Saa mbili usiku mvua ikaanza, na vijana wakainyanyua kuipeleka jikoni. Shangazi akawasimamisha mlangoni kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tena. Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na nyumba yenye watu waliolala inaweza isiamke asubuhi. Kufungua dirisha hakutoshi. Wakairudisha uani, mbali na milango, wakaitengenezea kibanda cha mabati juu ya mawe, pande zote zikiwa wazi, na binamu akakesha karibu nayo chini ya mwavuli.

Stima zilirudi saa kumi alfajiri. Siku mbili baadaye maganda yalipasuka, na kati ya mayai 264 tukapata vifaranga 207. Wateja walifika na makatoni yao kabla ya saa sita mchana.