Taa ya bluu, taa nyekundu

Baba alisema ananusa kitu kitamu. Tulikuwa tunapanda Kitonga, lori mbele, lori nyuma, mimi nimeng'ang'ania usukani wa Vitz niliyoinunua kwa mkopo wa miezi 24. Nilikuwa nimelipa miezi 7. Nikamjibu bila hata kumtazama, "Ni ile soda uliyomwaga, Baba." Akanyamaza. Mtu aliyeendesha malori maisha yake yote alinyamazishwa na mtoto mwenye leseni ya miaka miwili.

Taa nyekundu iliwaka kona mbili baadaye. Kabla sijapata pa kusimama, injini ikazima yenyewe. Nilipofungua boneti, mvuke uliotoka ulikuwa na harufu ileile tamu. Ilikuwa kulanti. Hosipaipu ya rejeta ilikuwa imepasuka chini, mahali usipopaona mpaka uiname.

Kama umewahi kuendesha Vitz ya mwaka 2006 unajua dashibodi yake: iko katikati, ina spidi, ina mafuta, haina mshale wa joto. Kuna taa ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi, ikizimika unaendelea na safari, na kuna nyekundu. Kati ya hizo mbili gari halikuambii kitu. Injini inaweza kuwa na nyuzi 85 au 105, kwako wewe ni kiza kilekile.

Fundi wangu wa Ilala alifungua injini, akaweka rula juu ya silinda hedi na kunionyesha mwanga ukipita chini yake. Hedi ya aluminiamu haivumilii kukauka maji, imepinda. Akanitajia bei ya injini nyingine ya mtumba, ya silinda tatu kama ile. Nikakaa juu ya tairi lililokuwa pale. Ndipo nikamuuliza kwa nini taa ilichelewa. Akasema sensa hupima maji. Maji yakishavuja, inabaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, inaweza kusoma chini kuliko joto halisi la chuma. Nililifikiria hilo wiki nzima. Taa ilikuwa haijaharibika. Ilikuwa inapima kitu ambacho hakipo tena.

Baba hakuwahi kusema "nilikuambia". Ningefurahi kama angesema.

Injini mpya ilipofungwa nilikwenda Kariakoo nikanunua geji ya maji, ile ya duara inayopendwa na vijana wa magari ya mbio. Sensa yake huingia kwenye kipande cha chuma chenye tundu. Unakata hosipaipu ya juu ya rejeta, unakipachika katikati, unakaza klampu pande zote. Tulifunga Jumamosi nzima. Tukawasha gari, likachemka mpaka feni ikazunguka, na mshale ukabaki umelala chini kabisa. Sensa yenye waya mmoja inategemea chuma cha injini kurudisha umeme, na yangu ilikuwa imekaa katikati ya mpira. Haikuwa na athi. Fundi akafunga waya mweusi kutoka kwenye kile kipande hadi kwenye bodi, mshale ukaruka. Nilicheka pamoja naye, ila nilikuwa nimeogopa: ile geji ilipokuwa haifanyi kazi ilionyesha injini baridi, yenye afya.

Pia nilitaka geji ya presha ya oili. Tukatoa swichi ya oili, tukajaribu sensa mpya, ikaingia mizunguko miwili na kugoma. Zote mbili zinaitwa moja ya nane, lakini ya Kijapani ina hesi 28 kwa inchi na ile niliyonunua ilikuwa ya Kimarekani, 27. Fundi aliinua spana aikaze kwa nguvu. Nikamwambia, "Fundi, acha." Tukarudisha swichi ya zamani. Mpaka leo sina geji ya oili na sijali sana.

Kilichobaki kunisumbua ni yale maji yaliyovuja. Geji yangu mpya nayo ilikuwa inapima maji, tena kwenye hosipaipu ya juu, ambako haipati joto la kweli mpaka thamostati ifunguke. Kwa hiyo nilinunua kitu cha pili, kibaya kwa sura: sensa yenye pete kama ya kebo ya betri. Inafungwa chini ya bolti kwenye hedi yenyewe na kupima chuma, maji yawepo yasiwepo. Ina skrini ndogo na king'ora. Husoma chini kidogo kuliko maji kwa sababu nje ya hedi inapigwa na upepo, hivyo niliendesha wiki mbili nikiandika namba kwenye simu: foleni ya Ubungo, barabara tupu ya usiku, feni ikiwaka. Nilipojua kawaida yake ni ipi ndipo nikaweka king'ora juu yake kidogo.

Desemba tulipanda tena Iringa. Baba hakuuliza vile vitu viwili ni vya nini. Macho yake hayasomi tena namba ndogo, kwa hiyo kuanzia Ruaha Mbuyuni akawa ananiuliza, "Ngapi?"

"Themanini na nane."

Kona mbili. "Ngapi?"

"Tisini na moja."

Katikati ya mlima, nyuma ya lori la mbao linalotambaa, aliacha kuuliza. Akateremsha kioo, akatoa pua nje kidogo. "Mwanangu, tulipumzishe kidogo."

Skrini ilisema 92. King'ora kilikuwa kimya, mshale wa maji mahali pake. Palipopatikana nafasi kando ya barabara nikawasha indiketa, nikasimama, tukashuka wote wawili, nikamfungulia boneti.