Mionzi Mnaiogopa, Yai Hamliogopi

Wadau, kuna mada moja nimeibeba moyoni muda sasa, leo naitua. Maikrowevu. Najua wengine mmeshaanza kusema "ooh ina mionzi, inaleta kansa". Tulieni kwanza. Watu wa mjini tumekiogopa hiki kidude kwa sababu isiyo yenyewe, na zile sababu za kweli hakuna anayezisema.

Chukulia kicheni pati moja ya mwaka jana hapa Dar. Bibi harusi ni mtu mnayemjua, mnamfuata huko mitandaoni, jina silitaji. Ukumbi ulipambwa hadi raha, MC anachangamsha, kungwi kashika kipaza sauti kama saa mbili nzima: mume anapokelewaje, shuka zinakunjwaje, mawifi unaishi nao vipi. Sawa, elimu ni elimu. Zawadi zikaingia, maikrowevu mbili. Na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, seti nzima. Hakuna aliyemwambia kwamba vile vikombe na ile maikrowevu havipatani hata kidogo. Ile dhahabu ni chuma kama chuma kingine, ukiiwasha ndani ya maikrowevu inapiga cheche kama welding ya Gerezani. Foili hivyo hivyo, na kijiko ulichosahau kwenye bakuli.

Miezi kama minne baadaye nikasikia dada wa kazi wa nyumba ile kaungua uso.

Binti wa miaka kumi na tisa, katoka mkoani, na maisha yake yote kapikia kuni na mkaa. Alipofika alielekezwa hivi: "Unaweka chakula, unabonyeza hapa, ikilia unatoa." Basi. Asubuhi moja bosi akataka mayai ya kuchemsha yaliyolala kwenye friji, yapashwe. Binti akayaingiza na maganda yake, akabonyeza, ikalia, akatoa. Yai limetulia kabisa. Alipoanza kulimenya likapasuka mkononi. Shavu, shingo na kope moja.

Jirani akakimbia na dawa ya meno. Jamani, acheni! Dawa ya meno ni ya meno. Mtu akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika ishirini, kisha hospitali. Siyo siagi, siyo yai bichi, siyo barafu.

Kilichonikera hata siyo jirani. Bosi akaandika status, "Hawa wadada wa kazi watatuua", na vikatuni vya kucheka. Halafu hela ya zahanati akaikata kwenye mshahara wa binti. Nilimpigia simu, tukasemana, hela akairudisha. Status ilikaa mpaka ikafutika yenyewe baada ya saa ishirini na nne. Mimi nauliza tu: mtu hujamfundisha, kosa lake ni lipi?

Kwa nini yai lipasuke nje na siyo ndani? Maikrowevu haina moto. Inatoa mawimbi, ndugu wa yale yale ya Wi-Fi ila yenye nguvu kubwa, na yanazitikisa chembe za maji zilizomo ndani ya chakula mpaka zinapata joto. Kiini cha yai kina maji, yanachemka, mvuke unatafuta pa kutokea na ganda limefunga. Ukiligusa tu, umelifungulia mlango. Hata yai lililomenywa, likiwa zima, linaweza kukufanyia hivyo. Likate vipande kwanza. Viazi na soseji vichome kwa uma kabla hujaviingiza.

Na siyo jambo la leo. Mtu aliyekuja na wazo la kupikia mawimbi haya ni injinia Mmarekani, Percy Spencer, wa kampuni ya Raytheon. Mwaka 1945 alikuwa kwenye mitambo ya rada, akakuta chokoleti mfukoni mwake imeyeyuka. Inasimuliwa kwamba kwenye majaribio yaliyofuata waliweka yai, likamlipukia usoni mwenzake. Yaani mkasa wa yai una umri sawa na mashine yenyewe! Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikuwa na uzito wa kilo 340 hivi na urefu wa mtu mzima. Hebu fikiria hiyo kwenye kicheni pati.

Tuje kwenye mionzi yenu. Mawimbi haya hayana ubavu wa kuvunja vinasaba kama eksirei. Ukizima, yamekwisha, kama taa. Hakuna kinachobaki kwenye wali. Kile kiwavu kwenye kioo cha mlango siyo urembo: matundu yake ni madogo mno kwa wimbi lenye urefu wa sentimita 12, kwa hiyo linabaki ndani. Unachotakiwa kuogopa ni mlango uliopinda, bawaba zilizolegea, au mpira uliochakaa. Mnaonunua za mtumba, angalieni mlango kabla ya kuuliza bei. Kama haufungi vizuri, iache hapo hapo dukani.

Wenye watoto wachanga, hapa nisomeni pole pole. Maziwa ya chupa msipashe kwenye maikrowevu. Inapasha kwa madoa madoa: chupa unaishika ni ya vuguvugu, katikati maziwa yanaunguza. Tia chupa kwenye bakuli la maji ya moto, dakika chache tu, kisha dondoshea mkononi uone. Maji ya chai nayo yana hila. Kwenye kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa kimya, ukitia majani au sukari yanaruka yote. Subiri dakika moja, au tumbukiza kijiti cha mbao kabla ya kuwasha.

Kiporo sasa, mada ya taifa. Wali uliolala kwenye hotpoti mpaka asubuhi usidhani maikrowevu itautakasa. Kuna bakteria wa wali ambaye akishatema sumu yake, joto haliiondoi. Uingie friji ndani ya saa mbili baada ya kupikwa. Ukiupasha, utandaze pembeni mwa sahani uache katikati wazi, nyunyizia maji kidogo, funika bila kubana, na katikati ya safari ufungue ukoroge. Utoke moshi kweli kweli, siyo ule ubaridi baridi unaokutana nao kijiko cha tatu.

Na makopo. Kopo la aiskrimu ulilogeuza la kuhifadhia mchuzi, lile boksi jeupe jepesi la chipsi, hapana. Mafuta ya mchuzi yanapata joto kuliko maji na plastiki inalegea. Tumia bakuli la udongo au la kioo lililoandikwa kuwa linafaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini kuna watu wanapasha chipsi na kifuko chake mpaka leo, na nawajua.

Umeme nao. Ile namba "700" ni nguvu inayofika kwenye chakula. Ukutani inavuta zaidi ya wati 1,000. Usiichomeke ekstensheni moja na pasi na birika. Umeme ukikatika, chomoa, maana ukirudi huwa unarudi na hasira.

Ikiwaka moto ndani, usifungue mlango. Zima, chomoa kama waya unafikika, acha moto ukose hewa.

Na ikifa, msiifungue wenyewe kwa bisibisi ya kwenye droo. Ndani kuna kapasita inayobeba volti zaidi ya 2,000, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Wale vijana wa video za "tengeneza mwenyewe" hawakuambii hilo. Tafuta fundi anayezijua maikrowevu, na akianza kuchokonoa kabla hajaitoa ile chaji, chukua mzigo wako uondoke.