Hesabu ya Fanksheni na Watoto Wetu



Katika miji yetu ya Kigoma na Ujiji mtoto hukua na mikoba miwili. Asubuhi hubeba mkoba wa shule, jioni akabeba mkoba wa madrasa. Na kwa kuwa mikoba hiyo haikutani, yeye naye hudhani ya kwamba elimu zilizomo ndani yake hazijuani. Dhana hiyo ikikaa moyoni mwake hata akafika kidato cha tatu, huzaa moja katika mabaya mawili: ama ataziacha hesabu akisema ni elimu ya watu wengine, ama ataidharau madrasa akisema haina hesabu. Leo twapenda kuitazama dhana hiyo kwa somo moja tu, liitwalo fanksheni, ambalo wanafunzi wa kidato cha tatu hata cha sita hulilalamikia sana.

Pengine msomaji atauliza: Mwalimu wa madrasa ana nini na somo hilo? Kweli, sisi tulisoma Kurani na shule ya msingi, basi. Lakini baada ya sala ya Magharibi vijana wa sekondari hubaki barazani na madaftari yao, na hesabu za mirathi na zaka ni kazi tuliyoizoea miaka mingi. Tulipoyatazama madaftari hayo tukaona mengi tunayoyajua, yamevaa nguo ngeni. Wala jambo hili si dogo. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu Hisabati katika nchi nzima walikuwa kiasi cha mmoja katika kila watano. Wale wanne waliobaki ni watoto wetu.

Sababu moja ya kushindwa ni lugha. Mtoto amesoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Afikapo sekondari hukutana na Kiingereza na herufi za f na x kwa siku moja. Hukariri maneno asiyoyajua maana, na aliyekariri bila ya maana hupotea likibadilishwa neno moja. Kwa hiyo sisi huanza na maana. Fanksheni ni kanuni ambayo ukiipa kitu kimoja, hukurudishia jibu moja tu, wala halibadiliki. Ukiipa kitu kile kile kesho, jibu ni lile lile.

Mfano wa kwanza huutoa katika majina yetu wenyewe. Tusemapo "fulani bin fulani", tumekwisha kutumia fanksheni. Kanuni ni "baba wa". Mpe mtu yeyote, atakurudishia baba mmoja. Hapana mtu mwenye baba wawili wa kumzaa. Lakini igeuze kanuni useme "mtoto wa", utapata mkanganyo, kwa kuwa mzee mmoja aweza kuwa na watoto saba, na ukiuliza mtoto wake ni nani, utajibiwa majibu saba. Hayo ni mahusiano, lakini si fanksheni. Kijana akilifahamu hili, amekwisha kufahamu kwa nini si kila fanksheni hugeuzika ikabaki fanksheni.

Kisha huwauliza: Je, kanuni ya "baba wa" hufaa kwa watu wote? Wengi husema ndiyo. Huwaambia wafikiri kwa imani yao, na punde mmoja hukumbuka: Nabii Adamu hana baba, wala Bibi Hawa, na Nabii Isa, amani iwe juu yao, alizaliwa bila ya baba. Basi hao hawaingizwi katika kanuni hii. Jumla ya wale wanaofaa kuingizwa ndiyo iitwayo domeni, na jumla ya majibu yatokayo huitwa renji. Mwalimu wa shule asemapo ya kwamba katika kugawanya 1 kwa x, sifuri haimo katika domeni, maana yake ni hiyo hiyo: sifuri haina jibu katika kanuni ile, kama Adamu asivyokuwa na jibu katika hii.

Na kanuni mbili zaweza kufuatana. Baba wa baba ni babu. Lakini mpangilio una hukumu yake: mama wa baba ni bibi, na baba wa mama ni babu, maneno ni yale yale mawili, ukiyapindua amegeuka mtu. Wenye kusoma mirathi wanajua uzito wake, kwani babu mzaa baba huweza kurithi, na babu mzaa mama hayumo katika warithi wenye mafungu. Kijana aliyezoea kutofautisha wawili hao hatashangaa akiambiwa shuleni ya kwamba kuzidisha kwanza kisha kujumlisha si sawa na kujumlisha kwanza kisha kuzidisha.

Hapa ziwani petu pia pana somo. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, na mwezi ukipevuka hupumzika, kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti tena samaki. Lakini usiku mmoja, kwa taa zilizo sawa, mtumbwi mmoja hurudi umejaa na mwingine hurudi mtupu. Usiku ni mmoja na majibu ni mawili. Kwa hiyo usiku peke yake haufanyi fanksheni ya mapato ya mvuvi. Hesabu hujua mpaka wake, na riziki iko kwa Mwenye kuruzuku.

Twende sasa kwenye zaka. Nisabu ya dhahabu ni kiasi cha gramu 85, na thamani yake kwa fedha hupanda na kushuka. Tuchukulie, kwa mfano tu, ya kwamba mwaka huu nisabu ni shilingi 20,000,000. Mwenye mali iliyofika hapo na ikapitiwa na mwaka, hutoa sehemu moja katika arobaini. Aliye na 20,000,000 atatoa 500,000. Aliye na 24,000,000 atatoa 600,000. Na aliyepungukiwa na nisabu, hata kwa shilingi elfu moja, si wajibu wake kutoa. Jibu lake ni sifuri. Mwambie kijana aichore kanuni hii katika grafu. Ataona mstari umelala juu ya sifuri tangu mwanzo hata karibu na 20,000,000, kisha unaruka ghafla hadi 500,000, na kutoka hapo unapanda taratibu. Hiyo ni fanksheni yenye vipande viwili, na ni katika zile ziwatishazo wanafunzi wengi kuliko zote. Mwislamu wa Ujiji huitumia kila mwaka asijue jina lake.

Tena muulize: Nikikwambia ya kwamba fulani ametoa zaka ya shilingi 600,000, utajua alikuwa na kiasi gani? Atajibu 24,000,000. Nikikwambia fulani hakuwajibika kutoa kitu, je? Hawezi kujua, maana mwenye laki moja na mwenye milioni kumi wote jibu lao ni sifuri. Fanksheni hii kwa upande mmoja hugeuzika, kwa upande wa pili haigeuziki. Na humo mna adabu pia: tusimdhanie vibaya ndugu ambaye hakutoa, kwa kuwa hatujui alikuwa na nini.

Ama mirathi, hiyo ndiyo iliyotupa ushahidi. Mwaka mmoja alikuja kwetu mzee mfanya biashara ya samaki pamoja na binti yake wa kidato cha tatu. Akasema, "Maalim, nimekuja kukuaga kwa niaba ya shule. Huyu kila mtihani wa hesabu ni sifuri. Ada naitoa, faida siioni. Bora akae nyumbani, asome Kurani yake kwako."

Tukamwambia, "Mzee wetu, keti kwanza." Tukamgeukia binti. "Mwanangu, amekufa mtu, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Madeni yamelipwa, wasia umetekelezwa, na warithi wengine hakuna. Kila binti apata nini?"

Akajibu bila ya kusita, kwa kuwa darasa la mirathi alikuwa akilihudhuria, "Mke apata thumuni. Zinazobaki zagawanywa mafungu manne: mwanamume mawili, kila binti moja."

"Mali ikiwa milioni 16?"

"Mke milioni mbili. Zabaki kumi na nne. Kila binti milioni tatu na nusu."

"Ikiwa milioni 32?"

"Milioni saba."

"Na ikiwa hatuijui mali, tukaiita x?"

Hapo akanyamaza. Akachukua kijiti akaandika mchangani, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni x mara saba, kugawanya kwa thelathini na mbili."

Baba yake akauliza, "Na hiyo ndiyo hesabu iliyomshinda shuleni?" Tukamwambia, "Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Mali ndiyo iingiayo, fungu ndilo litokalo. Lililomshinda ni jina." Mzee akakaa kitambo, akamwambia binti, "Haya, twende. Kesho shule." Akaendelea, na kidato cha nne alipata alama ya C katika Hisabati. Hakuwa wa kwanza, lakini mlango haukufungwa.

Wala tusidhani ya kwamba twazilazimisha elimu hizi mbili kuoana. Zilioana zamani. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Maamun, aliandika kiasi cha mwaka 820 kitabu chake cha al-jabr, na jina la aljebra limetoka humo. Fungu kubwa la kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi, yaani mafungu yaliyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Alama ya f na x hakuijua. Hiyo ilikuja miaka mia tisa baadaye, ilipoandikwa na Leonhard Euler mwaka 1734. Lakini kazi ya kutafuta kisichojulikana kwa kanuni isiyopinda, aliifanya ili warithi wapate haki zao. Kijana wa Kiislamu asemaye ya kwamba aljebra si ya kwao, hajui nyumba yake.

Limebaki jambo la saumu, nalo ni la kila nyumba ya huku kwetu. Nchi nzima twatumia saa moja, lakini jua halitui kwa pamoja. Katika Sura ya Yunus, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametukumbusha jua na mwezi, na kwamba kwa vituo vya mwezi twajua idadi ya miaka na hesabu. Dunia ina digrii 360, na jua kwa macho yetu huizunguka kwa dakika 1,440. Basi kila digrii ni dakika 4. Dar es Salaam iko kiasi cha digrii 39.3 mashariki. Mji ulio magharibi yake, kwenye digrii x, jua lake huchelewa kwa dakika 4 mara tofauti ya 39.3 na x. Dodoma, yenye digrii 35.7, huchelewa kiasi cha dakika 14. Tabora, yenye 32.8, dakika 26. Kigoma, yenye 29.6, kiasi cha dakika 39. Dakika chache huzidi au hupungua kwa majira ya mwaka, lakini kanuni ni hiyo, na grafu yake ni mstari ulionyooka.

Sasa fikirini. Redio ikiadhini Magharibi ya Dar es Salaam saa 12:30, hapa Ujiji jua bado liko juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na halitatua hata kiasi cha saa 1:09. Aliyefungua kwa adhana ile amekula mchana, na siku yake hana budi kuilipa. Wapo watu wazima waliokwisha kuponzwa na redio kwa namna hii wakiwa wageni huku. Kijana wa kidato cha tatu aliyeifahamu fanksheni hii aweza kumlindia saumu bibi yake.

Basi wazee wetu, msiwatoe watoto shuleni, khasa mabinti, kwa sababu ya sifuri ya hesabu. Ulizeni kwanza ni hesabu iliyomshinda au ni lugha. Walimu wenzetu wa madrasa, tusiiweke mirathi kuwa elimu ya wazee peke yao. Mwanafunzi wa sekondari aifanye kwa namba, kisha aifanye kwa x. Walimu wa shule, tunawaomba mtumie mifano ya watu mnaoishi nao. Nanyi vijana, mkipewa fanksheni msikimbilie kuikariri. Ulizeni: kinaingia nini, kinatoka nini, na ni nani asiyeruhusiwa kuingia. Mkiyajibu hayo matatu kwa Kiswahili chenu, Kiingereza kitafuata.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na aijaalie iwe nuru kwao na kwa wazee wao. Amin.